Lori Lililokwisha Kupakia Lipite

Machi 5, 2021, Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya ilimwandikia barua kamishna wa forodha wa nchi hiyo. Mahindi ya Tanzania na Uganda yasiingie tena, ilisema, kwa kuwa vipimo vimekuta sumukuvu iliyopita kiwango. Zuio lianze mara moja. Malori yaliyokuwa yameshapakia, yameshalipiwa ushuru wa mazao na yako barabarani, yakaikuta barua hiyo mpakani.

Baada ya siku chache Nairobi ililegeza. Waagizaji wajisajili, kila shehena iwe na cheti cha kuonyesha imepimwa, na sumukuvu isizidi sehemu 10 katika kila bilioni. Hatuna ugomvi na masharti hayo. Kiwango hicho cha 10 kimo katika viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki ambavyo nchi wanachama walikaa wakavikubali. Tunachouliza ni kwa nini masharti hayakutangulia, wafanyabiashara wakapewa wiki kadhaa za kujipanga, na malori yaliyokuwa njiani yakapimwa moja moja: lililo safi lipite, lenye sumu lirudi na karatasi yake ya maabara.

Tumeanza na Kenya kwa sababu kisa hicho kinajulikana. Msomaji wetu wa Tanzania asicheke bado, maana zamu yake imefika.

Mwaka 2017 Tanzania ilipiga mnada ng'ombe zaidi ya 1,300 wa wafugaji wa Kenya waliovuka kufuata malisho. Mwaka huohuo vifaranga 6,400 vilivyotoka Kenya vilichomwa moto mpakani Namanga, kwa maelezo kwamba tunajikinga na magonjwa ya kuku. Juni ya mwaka huohuo serikali ilipiga marufuku kuuza nafaka nje ya nchi. Nia ilikuwa kuhifadhi chakula. Matokeo yake wakulima wa Ruvuma na Rukwa walibaki na magunia yasiyo na mnunuzi, bei ikaanguka, na wengi wakauza kwa hasara ili wapate ada za watoto. Kwa marufuku ile tulimkomoa nani? Mkenya alinunua mahindi kwingine. Aliyeumia ni mkulima wa Songea.

Mwaka 2023 ikaja nyingine: mnunuzi wa nje asipewe kibali cha kusafirisha nafaka mpaka awe amesajili kampuni hapa nchini. Malori yakakwama tena Namanga. Kumtaka mnunuzi ajisajili ni jambo la kawaida, na lina faida zake kwa anayekusanya kodi. Lakini sharti lilitekelezwa katikati ya msimu, kwa watu waliokuwa wameshanunua.

Na Julai 2025 likatoka agizo la leseni za biashara lililowakataza wasio raia kufanya biashara za aina 15. Humo kuna uwakala wa fedha kwa simu, ufundi wa simu, saluni, uongozaji wa watalii, uchimbaji mdogo wa madini na ununuzi wa mazao shambani. Faini ni kuanzia shilingi milioni 10. Kila mtu anajua kelele zilianzia wapi: Kariakoo, ambako wachuuzi wetu walilalamika kwamba wageni kutoka mbali, hasa China, wanauza rejareja kwenye vibaraza walivyozoea kupanga bidhaa wao. Malalamiko yale yalikuwa ya haki. Ila agizo halikumtofautisha mgeni wa Guangzhou na jirani wa Taveta ambaye nchi yake tumesaini nayo Itifaki ya Soko la Pamoja. Kenya ilipandisha sauti, na wala haikuhitaji kutafuta hoja.

Wengine nao hawana nafuu. Rwanda ilifunga mpaka wa Gatuna na Uganda mwishoni mwa Februari 2019, ukaja kufunguliwa Januari 31, 2022. Karibu miaka mitatu. Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024. Uganda ilibadili sheria yake ya ushuru wa bidhaa mwaka 2017 ili sigara zinazotoka nchi jirani zitozwe zaidi ya zinazotengenezwa nyumbani. Januari 2024 Tanzania na Kenya zilikaribia kusimamisha safari za ndege za abiria kati yao kwa sababu ya mgogoro wa ndege za mizigo. Simu zikapigwa, yakaisha ndani ya siku mbili. Haya yote yametokea ndani ya Jumuiya yenye Umoja wa Forodha tangu Januari 1, 2005 na Soko la Pamoja tangu Julai 1, 2010.

Hatuzungumzii hapa Goma wala Bukavu, mashariki mwa Kongo. Ile ni vita, na ina mahali pake. Hili letu ni la kalamu na muhuri.

Itifaki ya Umoja wa Forodha, kifungu cha 13, inasema nchi wanachama zitaondoa vikwazo vyote visivyo vya kiforodha na hazitaweka vipya. Mwaka 2017 Jumuiya ikaongeza sheria nzima ya kuviondoa. Kuna kamati ya kitaifa ya kuvifuatilia katika kila nchi. Kuna mikutano ya kila mara, na kila mkutano una jedwali la vikwazo vilivyoondolewa, vilivyobaki na vipya. Jedwali hilo halijawahi kuisha kwa sababu rahisi: anayeweka kikwazo hatozwi chochote. Waziri akiamka na waraka leo, gharama yake kesho asubuhi inalipwa na mtu ambaye hakuwa kwenye chumba kile.

Mtu huyo ni nani? Chukua mfanyabiashara wa mahindi wa Kibaigwa. Amenunua kwa fedha za mkopo, amekodi lori kwa safari, amemlipa dereva na utingo posho ya siku walizokubaliana. Mpaka unapofungwa, lori linaanza kudai fedha ya kulala. Riba ya mkopo haisubiri. Dereva anakula kwa mamalishe kwa mkopo. Mvua ikinyesha juu ya turubai lililochakaa, mahindi yaliyopakiwa yakiwa na unyevu chini ya asilimia 13.5, kiwango kinachotakiwa, yanaanza kupata joto na unyevu. Joto na unyevu ndivyo vinavyootesha kuvu. Kwa maneno mengine, foleni iliyowekwa ili kuzuia sumukuvu inaweza kuizalisha palepale mpakani.

Wala tusifanye mchezo na sumukuvu yenyewe. Mwaka 2004 iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, wengi wao Makueni na Kitui, na waliyokula ni mahindi yaliyolimwa na kuhifadhiwa hukohuko. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, kwetu, kwa mahindi yetu. Kuvu hawana uraia. Anayetaka kweli kuwalinda walaji huweka vipimo ghalani na kinuni, kwa mahindi ya nyumbani na ya jirani sawasawa. Anayepima ya jirani peke yake anatufanya tushuku kwamba anachokilinda ni bei.

Kwa mfanyabiashara mdogo hali ni hiyohiyo, ila kwa kiwango cha kapu. Jumuiya ilimtengenezea cheti rahisi cha uasilia wa bidhaa, kwa mzigo usiozidi dola 2,000, ili mama mwenye nyanya au maharage asihitaji wakala wa forodha. Wazo zuri, na linafanya kazi pale afisa anapolijua. Lakini cheti kile kinamaliza habari za forodha tu. Akishakipata, anakutana na dirisha la afya ya mimea, dirisha la viwango, na wakati mwingine dirisha la halmashauri. Vibali vya huko havina toleo rahisi. Ndiyo maana njia za panya zimejaa watu wenye mzigo ambao kisheria haudaiwi hata senti ya ushuru. Tunawaita watu wa magendo. Wengi wao hawakwepi kodi. Wanakwepa kupoteza siku nzima.

Itasemwa kwamba Jumuiya ina mahakama, na aliyeonewa aende. Ni kweli ipo, Arusha, tangu 2001, na raia wa kawaida anaruhusiwa kuishtaki serikali. Kesi ile ya sigara ilifika huko. Kampuni kubwa ya tumbaku iliyokuwa ikizalisha Kenya na kuuza Uganda ilifungua shauri mwaka 2017, na Machi 2019 mahakama ikasema sheria ya Uganda imekiuka Mkataba wa Jumuiya. Hongera kwao. Lakini Mkataba unampa mlalamikaji miezi miwili tu ya kufungua shauri tangu kitendo kitokee au akijue. Kampuni yenye idara ya sheria miezi miwili inaitosha. Mwenye lori moja la mahindi, miezi miwili anaimalizia kutafuta mnunuzi wa kuokoa mtaji. Na hata angeshinda, mahakama haina askari wa kukaza hukumu. Inategemea serikali ileile iliyoshindwa kesi ikubali kuitii.

Jumuiya yenyewe nayo mfuko wake hautoshi. Kwa miaka mingi kila nchi ilitakiwa kuchangia sawa, tajiri na maskini, na baadhi ya wanachama wamelimbikiza madeni kiasi kwamba Bunge la Afrika Mashariki na mahakama vimewahi kusimamisha vikao kwa kukosa fedha. Wakati huo uanachama ulikuwa unaongezeka: Sudan Kusini 2016, Kongo 2022, Somalia 2024. Leo tu wanane, watu zaidi ya milioni 300, soko kubwa kwenye hotuba. Kwenye vitabu vya forodha, biashara baina yetu imekuwa ikizungukia karibu asilimia 15 tu ya biashara yote tunayofanya na dunia.

Kuhusu sarafu moja tutasema kidogo. Itifaki ilisainiwa Novemba 30, 2013 ikilenga 2024. Mwaka 2024 umepita, na sasa lengo ni 2031. Nchi ambazo haziwezi kukubaliana gunia la mahindi livuke vipi zisiharakishe kukubaliana nani achape noti.

Kuna jambo lingine ambalo halipigiwi kelele kwa sababu linafanyika kwa ustaarabu, katika vikao vya mawaziri wa fedha kabla ya bajeti ya Juni. Jumuiya ina ushuru wa pamoja kwa bidhaa za nje: sifuri kwa malighafi na mitambo, asilimia 10 kwa bidhaa zilizosindikwa nusu, 25 kwa zilizokamilika, na tangu Julai 2022 asilimia 35 kwa bidhaa ambazo tunazizalisha wenyewe. Kuna pia orodha ya bidhaa nyeti zenye ushuru mkubwa zaidi. Mchele umo, asilimia 75. Halafu kila mwaka kila nchi inaomba ruhusa ya kutotumia ushuru huo kwa bidhaa fulani. Kenya imekuwa ikitoza mchele asilimia 35, na mwingi unatoka Pakistan. Mkulima wa Kyela anayesikia kwamba soko la Nairobi ni lake na linakingwa kwa asilimia 75 anadanganywa. Kwa upande mwingine, mlaji wa Nairobi anahitaji mchele wa bei anayoiweza, na sisi hatujawahi kuzalisha na kufikisha kwa wingi na kwa uhakika wa kumfanya aiache Pakistan. Uhakika utatoka wapi, ikiwa na sisi huamka tukafunga mpaka?

Hapa ndipo wahariri wengi wangeandika kuhusu utashi wa kisiasa. Utashi umekuwepo. Mei 2021, wiki chache tu baada ya kuapishwa, Rais Samia Suluhu Hassan alikwenda Nairobi, akahutubia mabunge yote mawili ya Kenya, na yeye na Uhuru Kenyatta wakawaagiza mawaziri wao waondoe vikwazo vilivyokuwa vimerundikana. Vingi viliondoka ndani ya miezi, na mahindi yetu yakavuka kwa wingi. Ilipendeza. Lakini biashara iliyofunguliwa na marais wawili wanaoelewana inaweza kufungwa na marais wawili wasioelewana, na mwenye lori hawezi kukopa benki kwa dhamana ya urafiki wa wakubwa.

Wazee wanakumbuka ilivyokuwa. Februari 1977 Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya katika siku zilezile shirika la pamoja la ndege lilipokuwa linakata roho, na mpaka ule haukufunguliwa hadi 1983. Kugawana mali za Jumuiya ya kwanza kulihitaji msuluhishi kutoka Uswisi, Victor Umbricht, na mkataba uliosainiwa Arusha Mei 1984. Waliofunga mpaka walikuwa na sababu zao, na baadhi zilikuwa nzito. Wenye maduka ya Namanga na Holili hawakuulizwa.

Basi tunapendekeza mambo machache, na hatudai ni makubwa.

Kwanza, mzigo uliokwisha kupakiwa na wenye nyaraka halali siku zuio linapotangazwa upite. Kama sababu ni afya, upimwe, na majibu yatoke ndani ya siku mbili au tatu. Vituo vya pamoja vya Namanga, Busia, Rusumo na Mutukula vimejengwa kwa fedha nyingi, viwekewe vifaa vya kupima sumukuvu ambavyo siku hizi vinabebeka mkononi. Nchi inayoshindwa kupima isifunge.

Halafu, serikali inayotaka kuzuia bidhaa ya jirani, au kuzuia yake isiende kwa jirani, ipeleke taarifa makao ya Jumuiya, Arusha, siku 30 kabla, ikiambatanisha ushahidi. Ukizuka ugonjwa wa kweli, homa ya mafua ya ndege kwa mfano, siku hizo ziondolewe, lakini ushahidi ubaki palepale. Na zuio lolote life lenyewe baada ya siku 60 kama Baraza la Mawaziri halijaliongeza. Leo mambo yako kinyume: zuio linaishi mpaka mkutano mwingine uitishwe wa kuliua.

La tatu ndilo litakalopingwa. Serikali iliyofunga bila kufuata utaratibu huo ilipe. Fedha ya kulala ya lori, mzigo ulioharibika, basi. Hatusemi faida aliyotarajia mtu. Madai yapelekwe katika mahakama ya kawaida ya nchi iliyofunga, Arusha au Kajiado, na muda wa kudai uwe mwaka mmoja. Wizara ya fedha ikianza kuona hati za madai, waziri wa kilimo atapigiwa simu kabla hajasaini waraka. Simu hiyo tunaithamini kuliko maazimio ya Wakuu wa Nchi.

Tutaambiwa tunauza mamlaka ya nchi. Nchi inabaki na haki ya kulinda chakula chake na watu wake. Tunachoiomba ni itoe taarifa, ioneshe sababu na isimtwishe mtu mmoja mzigo wa uamuzi wa wote. Mkulima wa Rukwa aliyeambiwa mwaka 2017 ashike mahindi yake kwa ajili ya usalama wa taifa alikuwa anatoa ruzuku kwa taifa. Taifa lingemlipa.

Tutaambiwa pia Kenya haitakubali. Inawezekana. Lakini Kenya ndiyo inayoagiza mahindi, na msaga unga wa Thika naye hupoteza fedha kinu kikikaa bure huku lori lake limesimama upande wa pili. Kenya pia ndiyo iliyolalamikia agizo letu la Julai 2025. Anayelalamika amealikwa mezani.

Kwa hiyo Tanzania ilete hoja hii yenyewe, na iende na mikono iliyonawa: agizo la leseni lirekebishwe ili raia wa nchi wanachama watendewe kama nchi zao zinavyowatendea Watanzania, biashara kwa biashara. Mtanzania akiruhusiwa kufungua saluni Mombasa, Mmombasa afungue Tanga. Wa mbali wabanwe kama agizo linavyotaka. Kanuni za mapendekezo yetu matatu hazihitaji mkataba mpya. Baraza la Mawaziri linaweza kuzitunga chini ya sheria ya 2017. Mavuno ya mahindi ya nyanda za juu kusini huanza Mei. Rasimu iwe Arusha kabla ya hapo.